Namba ya penseli haithibitishi kitu

Ukiingia karibu maonyesho yoyote ya sanaa Nairobi au Dar es Salaam siku hizi, utakuta michoro ya rangi imetundikwa ukutani, na pembeni, juu ya meza au ndani ya kasha la mbao, michoro hiyohiyo kwa umbo dogo. Imechapwa kwenye karatasi nene, imetiwa saini kwa penseli, na kwenye ukingo wa chini pameandikwa 7/50, yaani karatasi ya saba kati ya hamsini, au 23/100. Mchoro mkubwa una bei ambayo mwalimu wa sekondari hathubutu hata kuiuliza. Karatasi ataimudu, pengine kwa awamu mbili. Biashara hii imeshamiri kwa sababu zinazoeleweka: printa za wino zenye ubora wa juu zimesambaa, na wasanii wamechoka kukaa miezi wakimsubiri mteja mmoja mwenye fedha.

Pamoja na biashara hiyo yamekuja mabishano. Kambi moja inasema huu ni utapeli mtupu, mnunuzi anapewa fotokopi yenye saini na kubambikwa bei. Kambi nyingine, iliyojaa wauzaji na wasanii wengi pia, inajibu kwamba namba ndiyo dhamana: zipo hamsini tu duniani, nunua sasa, kesho zitapanda. Katikati ya kelele hizo wanaumia watu wasiohusika kabisa, yaani wachapaji wanaochonga mbao na lino (zulia la sakafuni la bei poa linalochongeka kwa kisu) na kuchoma mabamba kwa asidi. Sasa kila kazi yao iliyo juu ya karatasi inatazamwa kwa jicho la shaka.

Nionavyo mimi, kambi zote mbili zinagombania alama ambayo haithibitishi kitu. Kinachoifanya chapa, yaani picha iliyochapwa karatasini, iwe kazi ya asili, orijino yenyewe, ni mahali ambapo maamuzi ya msanii yalifanyika. Kama picha ilizaliwa kwenye ubao, bamba, jiwe au skrini ya kitambaa inayopitishiwa wino, na kabla ya hapo haikuwepo kwingine, basi kila karatasi iliyotoka hapo ni kazi ya asili, ziwe 5 au 500. Kama picha ilikamilika kwenye turubai, ikapigwa picha kwa kamera, ndipo ikachapwa, basi karatasi ile ni kumbukumbu ya mchoro, hata ikiandikwa 1/1. Kumbukumbu hiyo ni bidhaa halali na sina ugomvi na anayeiuza. Ugomvi wangu ni na wanaoiuza bila kuitaja.

Wengi wetu tunaujua uchapaji kupitia magazeti, vitabu na fulana za kampeni, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kila kilichochapwa kina mama yake mahali fulani. Lakini tazama chapa ya mbao inavyotengenezwa. Msanii huchora picha yake kinyume kwenye ubao, kwa kuwa karatasi itaigeuza. Kisha huchonga na kuondoa sehemu zote asizotaka zitoke. Kinachobaki juu ndicho kitakachobeba wino. Wino hutandazwa juu ya kioo kwa rola mpaka uanze kutoa sauti ya kunatanata, na hapo mchapaji anajua kwamba umefikia unene unaofaa. Huupitisha ubaoni, hulaza karatasi, na kama hana presi husugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, sehemu baada ya sehemu, huku akiinua kona moja kuchungulia kama weusi umeshika. Akisugua kidogo mno, picha hutoka na mabaka. Wino ukizidi, mistari myembamba huziba. Kabla karatasi ya kwanza haijabanduliwa, picha haipo popote. Ubao upo, ndiyo, lakini kushoto kwake ni kulia na uso wake umejaa wino. Hakuna aliyekusudia utundikwe sebuleni.

Niliwahi kusimama kwenye maonyesho mbele ya chapa kubwa ya mbao, mgeni mmoja akamuuliza mhudumu, “Dada, orijino ya hii iko wapi?” Dada akajibu bila kusita, “Ilishanunuliwa.” Sikujua nicheke au nilie. Kama mwenye duka mwenyewe hajui anachouza, tutamlaumu vipi mnunuzi?

Na si kwamba ufundi huu ni mgeni kwetu. Dennis Muraguri wa Kenya amechonga matatu za Nairobi kwenye mbao kubwa, na mtu aliyewahi kupanda matatu anaona mara moja kwa nini alichagua patasi: makali ya chapa ya mbao, weusi mzito na weupe usio na huruma, yanabeba fujo ile kwa namna ambayo brashi ingeilainisha. Fred Mutebi wa Uganda anatumia mbinu ngumu zaidi. Huchapa rangi ya kwanza, nyepesi, kwenye karatasi zote anazotaka. Kisha huchonga tena ubao uleule na kuchapa rangi ya pili juu yake. Huchonga tena, huchapa tena, mpaka rangi ya mwisho. Kila hatua inakula ubao. Akimaliza, kilichobaki hakiwezi tena kutoa picha ile, hata kama angekuja mteja na gunia la fedha. Picasso naye alifanya hivyo kwenye lino kule Vallauris, kusini mwa Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapa namba inasema kweli, kwa sababu mbao yenyewe imeisha. Ni mojawapo ya mazingira machache ambamo ningemwambia mnunuzi aitazame namba kwa heshima.

Tanzania nayo ina historia yake. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa Masasi mwaka 1934 na kufariki 2005, aliingia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam kama mlinzi. Humo ndani alijifunza mambo mengi, na mojawapo ni kuchora kwenye bamba la chuma kwa msaada wa asidi. Bamba hupakwa utando wa nta, msanii hukwaruza picha kwa sindano, asidi hula pale palipokwaruzwa, wino hujazwa kwenye mifereji hiyo midogo, ndipo karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa juu yake na presi nzito. Pitisha kidole pembezoni mwa chapa ya namna hiyo utahisi bonde dogo, alama ya ukingo wa bamba lilipozama kwenye karatasi. Mashetani wa Lilanga walioumwa na asidi wana mstari wenye mikwaruzo na wasiwasi ambao huupati kwenye michoro yake ya rangi za kung'aa. Anayeziita kazi hizo nakala za michoro yake hajaziangalia.

Kusini zaidi, kituo cha sanaa cha Rorke's Drift kilichoanzishwa mwaka 1962 katika Natal, Afrika Kusini, kilijenga kizazi kizima juu ya lino. John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki 1987 akiwa na miaka arobaini na kidogo, alichonga humo maaskofu, vita, mazishi na upweke wake mwenyewe, pamoja na sentensi nzima za maelezo, herufi zikichongwa kinyume ili zisomeke. Hakuna mchoro wa rangi uliotangulia. Lino ndiyo ilikuwa daftari lake, turubai lake na gazeti lake.

Sasa tuje kwenye namba. Dürer wa Ujerumani hakuiandika. Rembrandt wa Uholanzi hakuiandika. Kwa karne nyingi kilichoamua idadi ya karatasi ni kuchakaa kwa kifaa: bamba la shaba lililokwaruzwa kwa sindano tupu, bila asidi, hutoa karatasi chache zenye kivuli kizuri kisha makali yake hulala, ubao wa mti mgumu unaweza kuhimili maelfu. Mnunuzi mjanja alitafuta karatasi za mwanzo kwa sababu alizitazama na kuona zina nguvu. Katikati ya karne ya 19 ikapatikana njia ya kulipaka bamba la shaba utando mwembamba wa chuma kwa kutumia umeme, na ghafla kuchakaa kukaacha kuwa kizuizi. Hapo ndipo wachuuzi walipogundua kwamba uhaba, kama hauji wenyewe, unaweza kutengenezwa. Saini ya penseli ikaanza kuzoeleka miaka hiyo ya mwisho wa karne, akina Whistler, msanii Mmarekani aliyeishi London, wakiwa miongoni mwa walioipigia debe, na namba ikafuata. Desturi tunayoihusudu leo kama amri ya mababu ni mbinu ya mauzo yenye umri wa miaka mia na kitu.

Na mbinu ya mauzo huchezewa. Mwaka 1974 maofisa wa Ufaransa walisimamisha lori lililokuwa likielekea Andorra, nchi ndogo kati ya Ufaransa na Hispania, wakakuta karatasi 40,000 tupu, hazina picha yoyote, zote zikiwa na saini ya mchoraji wa Hispania, Salvador Dalí. Saini ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni kazi. Mfano mwingine unahusu picha za kamera, lakini unagusa moja kwa moja biashara yetu ya printa. Mpigapicha wa Marekani William Eggleston alikuwa ameuza baadhi ya picha zake kwa matoleo yenye idadi maalumu, kwa mbinu ya zamani ya kuhamisha rangi. Mwaka 2012 picha hizohizo zikachapwa upya kwa printa ya wino, kwa ukubwa zaidi, zikapigwa mnada New York kwa mamilioni ya dola. Mkusanyaji mmoja aliyekuwa na zile za mwanzo akaenda mahakamani akidai ameshushiwa thamani. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho ikaitupa kesi yake: toleo jipya, kwa mbinu nyingine na ukubwa mwingine, ni toleo jingine. Anayenunua 23/100 hapa kwetu kama akiba ya uzeeni ajiulize ameahidiwa nini hasa. Faili bado iko kwenye kompyuta ya msanii. Kesho linaweza kutoka toleo la sentimita tano zaidi, lenye namba zake mpya, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Wapo wanaosema basi tuifuate sheria ya forodha, maana ndiyo iliyotoa tafsiri rasmi. Wana hoja, kwa kiasi. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umejengwa juu yake, unaweka chapa za asili kwenye kifungu cha 97.02 pamoja na sanaa, na picha nyingine zilizochapwa kwenye 49.11, pamoja na mabango na katalogi za biashara. Ili uingie 97.02, karatasi iwe imetoka moja kwa moja kwenye bamba lililotengenezwa lote kwa mkono wa msanii, kwa mbinu yoyote aitakayo, lakini bila njia ya kimashine wala ya kifotografia. Msimamo huo una uzuri wake: haukuuliza namba, haukuuliza saini, umeuliza bamba lilitengenezwaje. Ofisa wa forodha asiyejua sanaa amepewa swali bora kuliko lile wanalouliza wateja wengi wa maonyesho.

Shida ni pale unapousoma kwa ukali. Lile wimbi maarufu la Hokusai, chapa ya mbao iliyotoka Japani karibu mwaka 1831, Hokusai alilichora tu. Mchongaji mwingine ndiye aliyekata mbao, mchapaji mwingine akachapa, na mfanyabiashara wa vitabu Nishimuraya Yohachi akagharamia na kuuza. Halina saini ya penseli, halina namba, na zilichapwa karatasi kwa maelfu. Machi 2023 karatasi moja ya wimbi hilo iliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa zaidi ya dola milioni 2.7. Wanunuzi wa kazi hiyo wanajua wanachotafuta: wanakagua mistari ya kisanduku chenye jina la picha kilicho juu kushoto, maana ubao ulipoanza kuchoka mistari ile ilikatikakatika, na karatasi zenye mistari mizima zilitoka mapema. Hiyo ndiyo elimu ya chapa, kutazama karatasi yenyewe. Warhol wa Marekani naye alitumia picha ya kamera kupata skrini za sura ya mwigizaji Marilyn Monroe mwaka 1967, karatasi kumi kwa seti, seti 250. Kwa herufi ya forodha, njia ya kifotografia imeingia. Kwa mtu yeyote mwenye macho, rangi zile, na namna zinavyokosa kukaa sawasawa juu ya sura, ziliamuliwa kwenye skrini na haziko kwingine.

Umoja wa Ulaya umekwenda upande wa pili. Agizo lake la mwaka 2001 kuhusu gawio la msanii kazi yake inapouzwa tena linazihesabu kama kazi za asili nakala zilizotengenezwa kwa idadi ndogo na msanii mwenyewe au kwa idhini yake, ambazo kwa kawaida zina namba na saini. Kwa hiyo karatasi moja inaweza kuwa sanaa ya asili katika kugawana fedha za mnada, na bango tu inapopita mpakani. Siwalaumu wanasheria. Kila sheria iliandikwa kwa kazi yake, moja kutoza kodi na nyingine kumlinda msanii, na hakuna iliyokusudiwa kumwambia mtu anunue nini.

Wanaotetea nakala za printa wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Msanii anayeuza turubai mbili kwa mwaka hawezi kulipa kodi ya studio, lakini akiuza karatasi mia ana mshahara. Mteja kijana anayeanza na karatasi anaweza kurudi baada ya miaka mitano kununua mchoro. Pia picha inafika kwenye kuta za zahanati, madarasa na nyumba za kupanga, mahali ambapo turubai isingefika kamwe. Wanaosema kwamba mashine inaua roho ya sanaa wanasahau kwamba presi ya Lilanga ilikuwa mashine, na presi ya litografia, ile ya kuchapa kwa jiwe, ni mashine kubwa kuliko printa yoyote ya mezani. Tena yupo msanii anayechora moja kwa moja kwenye tableti, bila turubai wala kamera. Picha yake inakutana na karatasi kwa mara ya kwanza inapotoka kwenye printa. Kwa kipimo nilichokitumia, hiyo ni chapa ya asili, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wachongaji wa mbao. Wa programu za akili unde nao nawapima vivyo hivyo: nionyeshe maamuzi yalifanywa na nani na wapi, ndipo tuzungumze.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya uwekezaji, kwamba uchache huzaa thamani. Ingekuwa kweli, karatasi yoyote iliyochapwa mara moja ingekuwa hazina. Goya alifanya mabamba 82 kuhusu ukatili wa vita na njaa Hispania, akafariki 1828 bila kuyatoa hadharani kwa toleo lolote. Themanini kati yake yalichapwa kwa mara ya kwanza kama mfululizo mwaka 1863, miaka 35 baadaye. Hakusaini, hakuhesabu, hakuwepo. Makumbusho makubwa ya dunia yanazitunza karatasi hizo kwa mikono yenye glavu. Kwenye vitabu vya wasanii mambo ni wazi zaidi. Msanii wa Marekani Ed Ruscha alipotoa mwaka 1963 kitabu chake kidogo cha picha za vituo vya mafuta, nakala 400 za kwanza zilipewa namba. Baadaye akasema kuzipa namba lilikuwa kosa, na matoleo yaliyofuata, nakala 500 mwaka 1967 na 3,000 mwaka 1969, hayakuwa na namba. Alitaka kitu cha bei ndogo kinachopatikana, kilichobuniwa tangu mwanzo kiwe kitabu. Hakikuwa albamu ya picha zilizotundikwa kwingine. Ndiyo maana kinahesabika kama kazi ya sanaa, na hesabu ya nakala zake haina la kuongeza wala kupunguza.

Nimesikia pia jibu la wauzaji wavivu: mteja hajali, anataka picha inayopendeza juu ya kochi. Sawa. Basi kumwambia ukweli hakugharimu kitu. Lakini naona wengi wanagharamika kuuficha. Lipo lile jina la mapambo, giclée, lililobuniwa California mwaka 1991 na mchapaji Jack Duganne ili picha ya printa ya wino isiitwe hivyo, na sasa limefika hadi kwenye lebo zetu. Wanaoamini kwamba mteja hajali wasingehitaji Kifaransa.

Madhara makubwa hayako kwa mnunuzi. Mtu aliyelipia nakala akidhani ni chapa ya asili amepoteza fedha kidogo, na picha bado anaipenda. Anayeumia ni mchapaji. Ubao mkubwa wa rangi tano unaweza kumla wiki nyingi za kuchonga na kusugua, na karatasi zinazoharibika ni zake. Kazi yake ikitundikwa karibu na nakala ya printa yenye namba ileile, saini ileile, fremu ileile na bei ileile, soko linamwambia kijana wa chuo cha sanaa kwamba patasi ni ujinga. Presi za vyuoni ni nzito, zinahitaji nafasi, vipuri na mwalimu anayezijua, na mkuu wa idara anayetafuta chumba cha kompyuta ataziangalia vivyo hivyo anavyoziangalia mashine zote zisizo na wateja. Mchanganyiko wa lebo unaweza kuua fani nzima bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Jimbo la California limekuwa na sheria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 inayomlazimu muuzaji wa picha zenye matoleo aandike anachouza. Sisi hatuhitaji kusubiri bunge. Kipande cha karatasi nyuma ya fremu kinatosha: mbinu iliyotumika, nani alichonga au alichora bamba, nani alichapa na mwaka gani, aina ya karatasi na wino, jumla ya zilizotoka pamoja na zile alizojiwekea msanii, kama ubao au faili bado ipo, na kama kuna ukubwa mwingine. Nakala ya mchoro iandikwe nakala ya mchoro, na mchoro wenyewe utajwe jina. Hiyo ya aina ya karatasi msiidharau. Kwa unyevu wa Mombasa na Tanga, karatasi ya massa ya mbao yenye asidi, ikibandikwa kwenye kadibodi na fundi fremu asiyejali, itaota madoa ya kahawia kabla mtoto wa mwenye nyumba hajamaliza shule ya msingi, na hapo hata iwe ya asili namna gani hakuna atakayeitaka. Na bei zitengane. Sioni sababu ya nakala ya printa kuuzwa sawa na chapa iliyosuguliwa kwa kijiko, na msanii anayeona haya kuziweka bei mbili tofauti ukutani ameshajibu swali la kama anaficha kitu.

Swali ambalo galari zetu haziulizi ni hili la mbao na mabamba baada ya msanii kuondoka. Rembrandt alifariki 1669, mabamba yake yakaendelea kuzunguka mikononi mwa watu. Mwaka 1775 Kapteni William Baillie, aliyekuwa amelinunua bamba la kazi kubwa ya Kristo akiwaponya wagonjwa, alilichonga upya pale palipochakaa, akachapa, kisha akalikata vipande vinne na kuchapa tena kila kipande peke yake. Wanaokusanya Rembrandt wanazijua karatasi za Baillie na wanazipa bei yake, kwa sababu alichofanya kimeandikwa. Kwetu kizazi cha kwanza cha wachapaji kinazidi kupungua, na ubao uliobaki stoo mjukuu anaweza kuufanya kuni au kuuchapa mia tano kwa jina la babu. Desturi ya Ulaya ni kuukata ubao msalaba mkubwa toleo linapokwisha ili usichapike tena. Mimi siipendi, ni kuharibu kitu ili kulinda namba. Ningependelea msanii aandike angali hai ni nani atakabidhiwa mbao, ziende makumbusho au kwa familia, kila moja na karatasi moja aliyoichapa kwa mkono wake ili iwe kipimo. Na familia ikiruhusiwa kuchapa tena, ichape, mradi kila karatasi ibebe mwaka na jina la aliyeisugua.